Waulize Waliokosa

Mtu akitoka kwenye usaili, kila anayekutana naye humuuliza swali lile lile: walikuuliza nini? Nimesikiliza majibu ya swali hilo kwa miaka mingi, kutoka kwa ndugu, marafiki na vijana ninaowasaidia kuandika wasifu, na nimeona kwamba maswali yenyewe hayachukui nafasi kubwa kwenye simulizi zao. Watayataja mawili matatu, kisha wanahamia kwenye yale yaliyowagusa. Mkuu wa idara aliyekuwa akichezea simu muda wote. Dada wa mapokezi aliyewaambia "poleni kwa kusubiri" na kuwaeleza ni nani hasa watakaokuwa chumbani. Saa ya usaili iliyosogezwa mara mbili bila maelezo. Msaili aliyefungua wasifu kwa mara ya kwanza mbele yao, akawa anausoma huku wao wakijieleza. Na mwisho wa yote, ile ahadi ya mlangoni: "Tutakupigia."

Naamini kampuni inajulikana hapo kuliko mahali pengine popote. Aliyepata kazi hawezi kukupa picha kamili, maana furaha ya kupata humsahaulisha mengi: atasema walichelewa kidogo kumjibu, lakini si amepata? Aliyekosa hana sababu ya kupaka rangi. Anakumbuka alivyopokewa, alichoulizwa, alichoahidiwa na kilichotimizwa. Ndiyo maana ninapotaka kujua kama kampuni inasaili watu kwa haki, ninawatafuta waliokosa. Wakiniambia, "Nilikosa, lakini nilijua napimwa nini, na walinijibu," najua hapo pana watu wanaojua wanachokifanya. Wakiniambia hadi leo hawajui kama walikosa au bado wanasubiri, basi, hilo nalo ni jibu.

Nianze na hilo la kusubiri, kwa sababu ndilo linaloumiza wengi na ndilo linalozungumzwa kana kwamba ni jambo dogo.

Watu wengi wakikosa kazi wanapokea. Wanasikitika siku mbili tatu, wanaendelea. Kisichopokeleka ni kimya. Mtu aliyeambiwa "tutakujulisha wiki ijayo" hapumziki wiki hiyo. Simu haimtoki mkononi. Namba asiyoijua ikiita anatoka nje ya chumba mbio, anakohoa kidogo kusafisha sauti, kisha anakuta ni mtu aliyekosea namba. Wiki ikipita anajipa moyo kwamba labda mhusika yuko likizo. Ya pili ikipita anaandika barua pepe fupi ya heshima, anaisoma tena na tena isionekane ya kuomba huruma, anaituma. Hajibiwi. Hapo ndipo anapoanza kurudia usaili wote kichwani, akitafuta neno lililomharibia. Hatalipata, kwa sababu huenda halikuwepo.

Kimya hicho kina gharama nyingine ambayo waajiri hawaioni. Mtu anayesubiri hawezi kuamua mambo yake. Kama ana kazi nyingine, hajui aage au abaki. Kama ameitwa kwingine kwa mshahara mdogo, hajui akubali au avute subira. Kama ana mkataba wa nyumba unaoisha, hajui ausaini upya au la. Kampuni imemshikia maisha yake njia panda na yenyewe inaendelea na shughuli zake.

Kwa nini kampuni zinanyamaza? Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba hazijamaliza. Zimempa kazi wa kwanza, naye anafikiria, anajadili mshahara, anataka muda wa kuaga alikotoka. Muda wote huo wa pili na wa tatu wanawekwa akiba, na hakuna anayetaka kuwaambia, kwa kuhofia kwamba wakijua wao ni akiba wataondoka. Wa kwanza akikubali, kazi imekwisha, na kuwajibu waliobaki hakumo kwenye majukumu ya mtu yeyote. Ofisi ya rasilimali watu inadhani mkuu wa idara amewaambia, mkuu wa idara anadhani hiyo ni kazi ya rasilimali watu. Sababu ya pili ni woga wa kushtakiwa: wanasheria wa kampuni hupenda kusema kwamba neno ambalo halikuandikwa haliwezi kupelekwa mahakamani. Ya tatu ni aibu ya kibinadamu tu. Hakuna anayefurahia kumwambia mtu hapana.

Zote nazielewa. Hakuna hata moja inayonishawishi. Kumwambia mtu "wewe ni wa pili, tunasubiri jibu la wa kwanza, tutakuwa tumejua ifikapo tarehe fulani" ni sentensi moja, na watu wazima wanaweza kuibeba. Wengine wataondoka, ndiyo. Wana haki ya kuondoka.

Jimbo la Ontario nchini Canada limeamua kwamba jambo hili haliwezi kuachiwa hisani ya kampuni. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026, mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi aliyetangaza nafasi hadharani, akamwita mtu kwenye usaili, analazimika kumjulisha kama uamuzi umefikiwa au la, ndani ya siku 45 tangu usaili wake wa mwisho. Siku 45 ni nyingi kwa mtu anayesubiri, na sheria hiyo haimlazimishi mwajiri kutoa sababu. Lakini angalau mwajiri hawezi tena kuchukulia ukimya kama njia ya kawaida ya kumaliza mambo. Nilipoisoma nilitamani kila mtu niliyewahi kukaa naye akitazama simu isiyoita angeisoma pia.

Na hasara haimwendei mwombaji peke yake. Kampuni ya mawasiliano ya Virgin Media nchini Uingereza iliwahi kuchunguza waombaji wake ikagundua kwamba kati ya waliokataliwa walikuwemo wateja wake, na kwamba baadhi yao, baada ya kutendewa vibaya kwenye usaili, walihamia kwa washindani. Ilikadiria hasara ya zaidi ya pauni milioni 4 kwa mwaka. Inanisikitisha kidogo kwamba ilibidi hesabu ya fedha ifanyike ndipo watu watendewe kiungwana, lakini kama hesabu ndiyo lugha inayosikika, basi ipo.

Baada ya kimya, malalamiko yanayofuata ni ya kuzungushwa. Usaili wa kwanza kwa simu, wa pili na meneja, wa tatu na timu, wa nne na mkurugenzi, kisha anaibuka mtu ambaye naye "angependa kukufahamu". Kila hatua mwombaji anaanza upya: jieleze, kwa nini unataka kazi hii, kwa nini uliacha ile. Anajisikia akirudia maneno yake mwenyewe hadi yanaanza kumchusha. Ukiuliza kwa nini hatua ni nyingi hivyo, utaambiwa ni kwa sababu wanataka uhakika.

Google walikuwa hivyo. Katika miaka yao ya mwanzo kuna waombaji waliopitishwa kwenye usaili zaidi ya kumi kwa nafasi moja. Kisha wakachukua kumbukumbu zao wenyewe, wakalinganisha alama za wasaili na matokeo, wakakuta kwamba wasaili wanne wanatosha kufikia uamuzi kwa uhakika wa asilimia 86, na kwamba kila anayeongezwa baada ya hapo anaongeza takriban asilimia moja tu. Aliyekuwa mkuu wao wa masuala ya wafanyakazi, Laszlo Bock, alikiri hadharani mwaka 2013 kwamba hata yale mafumbo yao maarufu, ya kuuliza mipira mingapi inaingia ndani ya ndege, yalikuwa kupoteza muda. Yalimfurahisha anayeuliza na hayakutabiri chochote kuhusu anayejibu.

Kwa hiyo kampuni ndogo inayomwita mtu mara saba haiongezi uhakika. Nionavyo mimi inagawana lawama. Aliyeajiriwa akishindwa kazi, hakuna atakayeulizwa peke yake, maana kila mmoja alimwona na kila mmoja alitikisa kichwa kukubali.

Lakini tuje kwenye chumba chenyewe, pale mwombaji na jopo wanapotazamana. Hapa kuna jambo ambalo wataalamu wamelijua kwa muda mrefu na ofisi nyingi bado zinalipuuza.

Kuna usaili wa kupiga soga, ambapo msaili anaingia bila maandalizi, anauliza linalomjia, na mwishoni anasema "huyu nimempenda" au "huyu sijui, kuna kitu". Na kuna usaili wenye mpangilio, ambapo kila mwombaji anaulizwa maswali yale yale, yaliyotokana na kazi yenyewe, na kila jibu linapewa alama kwa kigezo kilichoandikwa kabla. Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walichapisha majumuisho ya utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na usaili wenye mpangilio ukaushinda ule wa soga: uhusiano wa 0.51 na utendaji wa baadaye dhidi ya 0.38, kwenye kipimo ambacho sifuri ni kubahatisha na moja ni kutabiri bila kukosea. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu kwa kurekebisha kasoro za mwanzo, na tofauti ikawa kubwa zaidi: 0.42 kwa wenye mpangilio, 0.19 tu kwa wa soga. Katika hesabu hizo mpya, usaili wenye mpangilio ndio ulioshika nafasi ya kwanza.

Majaribio yaliyonishtua zaidi ni ya Jason Dana, Robyn Dawes na Nathanial Peterson, yaliyochapishwa mwaka 2013. Wanafunzi waliwasaili wanafunzi wenzao ili watabiri watafanya vipi darasani. Baadhi ya waliosailiwa waliagizwa kwa siri wajibu kwa kubahatisha: kulikuwa na kanuni ya kuwaambia waseme ndiyo au hapana bila kujali ukweli. Wasaili hawakugutuka. Waliondoka wakiamini wamemfahamu mtu. Na utabiri wao, baada ya mazungumzo hayo, ulikuwa dhaifu kuliko ule uliotegemea alama za nyuma peke yake. Yaani binadamu tukikaa na mtu dakika chache tunajitungia hadithi yake, hata kama aliyekaa mbele yetu anatupa majibu ya bahati nasibu.

Mtu aliyewahi kuambiwa "hatukuona kama utaendana na sisi" na aisome tena aya hiyo.

Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alikutana na tatizo hilo katikati ya miaka ya 1950 akiwa kijana jeshini nchini Israel. Alipewa kazi ya kurekebisha usaili wa askari wapya. Akachagua sifa sita, akaandika kwa kila moja maswali ya mambo halisi aliyoyafanya mtu kabla ya jeshi, akawaagiza wasaili watoe alama ya sifa moja kabla ya kwenda kwenye nyingine. Wasaili walikasirika wakamwambia anawageuza kuwa mashine. Akawaruhusu jambo moja: mkishamaliza zote sita, fumbeni macho, mtoe alama ya hisia zenu. Utaratibu mpya ulifanya kazi vizuri zaidi kuliko wa zamani, na la kushangaza, hata ile alama ya macho yaliyofumbwa ilikuwa na thamani, kwa sababu ilikuja baada ya kusikiliza kwa utaratibu.

Ninalipenda simulizi hilo kwa sababu linampa haki kila mmoja. Hisia za msaili hazitupwi, zinasubirishwa.

Kwa upande wa mwombaji, mpangilio unaonekana mara moja. Mtu anakuambia: "Kulikuwa na watu watatu, kila mmoja na karatasi. Walinieleza mwanzoni kwamba wana maswali sita na dakika arobaini, na kwamba wataandika ninapoongea, nisishtuke." Haya ni maneno machache, lakini yanamtuliza mtu kuliko tabasamu lolote. Mwaka 1993 mtafiti Stephen Gilliland aliorodhesha mambo yanayomfanya mwombaji aone ametendewa haki, na ukiyasoma utafikiri ameketi na waliokosa mmoja mmoja: maswali yahusiane na kazi, mtu apate nafasi ya kuonyesha anachokiweza, wote wapimwe kwa kipimo kimoja, apate majibu, aelezwe utaratibu, asidanganywe, aheshimiwe, naye aruhusiwe kuuliza, na asiulizwe yasiyowahusu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji bajeti.

Tamaa ya kupima kitu kisichohusiana na kazi ni ya zamani. Mwaka 1921 mvumbuzi Thomas Edison aliwapa vijana waliohitimu vyuo na kuomba kazi kwake mtihani wa maswali zaidi ya 140, mengi yakiwa ya jiografia, historia na mambo ya kukariri, kisha akashangaa kwamba wengi wanaanguka. Maswali yalivuja magazetini. Albert Einstein, aliyekuwa ziarani Marekani mwaka huo huo, aliulizwa na waandishi swali la mtindo huo, kasi ya sauti ni kiasi gani, akajibu kwamba habari kama hizo hazibebi kichwani kwa kuwa zimo vitabuni. Karne moja imepita, na bado kuna majopo yanayomuuliza mhasibu angekuwa mnyama gani.

Kipimo bora, wengi watakuambia, ni kumwona mtu akifanya kazi. Nakubali, kwa sharti. Rafiki yangu mmoja aliomba kazi ya mawasiliano. Baada ya usaili wa pili alipewa "zoezi dogo": aandae mpango wa mwaka mzima wa kampuni, wenye walengwa, ujumbe, ratiba ya kila mwezi na mfano wa machapisho. Apewe Ijumaa, arudishe Jumatatu asubuhi. Nilimkuta Jumapili usiku kajifunika blanketi mezani, meza imejaa karatasi za rangi alizozibandika kwa miezi, anahamisha ya Agosti kwenda Septemba. Alituma kabla ya saa ya mwisho. Hakujibiwa. Miezi kadhaa baadaye aliona kampuni hiyo ikiendesha kampeni ambayo mpangilio wake aliutambua, hadi kaulimbiu iliyobadilishwa neno moja. Hakuwa na la kufanya. Hakuwa amesaini chochote.

Sitasema kila zoezi ni wizi. Kumpa mhariri kurasa mbili za kusahihisha, au fundi programu kosa moja la kutafuta, kwa saa moja, huku kila mwombaji akipewa zoezi hilo hilo, hicho ni kipimo halali na mwombaji mzuri hukifurahia. Tofauti ipo wazi. Zoezi la kupima linatumia mambo ya kubuni au kazi iliyokwisha kufanyika, lina mwisho wa saa, na linarudi na maoni. Zoezi linalotumia tatizo halisi la kampuni linalosubiri ufumbuzi, likamla mtu mapumziko yake yote, hilo ni ajira bila mshahara, na kampuni inayolihitaji ilipe.

Siku hizi hatua ya kwanza mara nyingi haina mtu kabisa. Unatumiwa kiungo, unafungua, unajiona mwenyewe kwenye skrini. Swali linatokea kwa maandishi. Sekunde thelathini za kufikiri zinahesabiwa kurudi nyuma. Kisha taa nyekundu, na una dakika mbili za kuongea na sura yako. Hakuna anayetikisa kichwa, hakuna anayesema "endelea", huwezi kuuliza swali lina maana gani. Wanaoongea vizuri kwa kusoma uso wa mwenzao hupotea kabisa hapo. Binti mmoja aliniambia kwamba alijikuta akiinamisha kichwa na kusema "shikamoo" kwa kamera, kwa mazoea, akapoteza sekunde kadhaa akijiuliza kama mashine itamkata alama.

Wasiwasi wake si wa kipuuzi. Kampuni ya HireVue ya Marekani, inayouza mfumo wa usaili wa video, ilikuwa ikichambua hata mienendo ya uso wa mwombaji, hadi ilipotangaza Januari 2021 kwamba imeachana na hilo baada ya kulalamikiwa. Amazon nao walijaribu tangu 2014 kutengeneza programu ya kuchuja wasifu. Ilijifunza kwa wasifu wa miaka iliyopita, mwingi wa wanaume, ikaanza kuwashusha wenye wasifu uliokuwa na neno linaloashiria wanawake, kama nahodha wa klabu ya wanawake ya sataranji. Ilizikwa, na habari zake zikatolewa na shirika la habari la Reuters Oktoba 2018. Mashine ilikuwa imejifunza kutoka kwetu.

Jimbo la Illinois nchini Marekani limeweka sheria tangu 1 Januari 2020: mwajiri anayetumia akili mnemba kuchambua video ya mwombaji lazima amwambie kabla, amweleze inavyofanya kazi, apate ridhaa yake, na aifute ndani ya siku 30 akiombwa. Umoja wa Ulaya nao, kwa sheria yake ya akili mnemba ya mwaka 2024, umeiweka mifumo ya kuajiri kwenye kundi la hatari kubwa. Kwa mwombaji wa kawaida ninachosisitiza ni kimoja: uliza kama kuna mtu atakayeitazama video yako. Ni swali halali.

Mshahara nitaugusa kwa ufupi, kwani mambo yake yameanza kunyooka. "Kwa sasa unalipwa kiasi gani?" ni swali linalombana mtu abebe unyonge wa kazi ya nyuma kwenda nao kazi mpya. Massachusetts, jimbo jingine la Marekani, ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kuwazuia waajiri kuliuliza kabla ya kutoa ofa. Umoja wa Ulaya ukaja na agizo la 2023 linalokataza swali hilo na kumtaka mwajiri ataje mshahara wa kuanzia au kiwango chake kabla ya usaili, nchi wanachama zikipewa hadi 7 Juni 2026 kuliingiza kwenye sheria zao. Tangazo lisilo na mshahara linawaleta watu kumi ambao saba kati yao wangekaa nyumbani laiti wangejua.

Halafu kuna ile nafasi yenye mwenyewe. Tangazo limetolewa kwa sababu kanuni inataka litolewe, jopo limeketi kwa sababu lazima liketi, na jina lilishapita. Waliobaki wameitwa kusindikiza. Wanajua, nakuhakikishia. Wanajua kwa jinsi maswali yanavyokwenda haraka, kwa jinsi kalamu za jopo zilivyolala mezani. Ukitaka kumpandisha cheo mtu wako wa ndani, mpandishe na useme hivyo. Usimtoe mtu kwake alfajiri na mavazi aliyoazima ili akamilishe karatasi zako.

Nimekusanya machungu mengi, na ningekuwa ninawaonea waajiri nisiposimulia pia lililo jema, maana nimelisikia kwa masikio yangu. Mdogo wangu wa kike aliomba kazi ya kusimamia ghala. Walimtumia maelezo mapema: hatua mbili, majina na vyeo vya watakaomsaili, mambo manne watakayoyapima, tarehe ya jibu. Siku yenyewe walianza saa waliyosema. Walimpa orodha ya mzigo yenye makosa, wakamwomba aeleze angeanza wapi. Alipokwama kwenye swali moja, mama aliyekuwa anaongoza jopo alimwambia, "Chukua muda, au turuke turudi." Mwishoni wakamwachia dakika kumi za kuuliza, na walipoulizwa kwa nini aliyekuwa kwenye nafasi hiyo aliondoka, walijibu bila kuzunguka.

Alikosa. Siku iliyotajwa, mama yule yule akampigia. Akamwambia kwamba aliyechukuliwa amewahi kuhamisha ghala zima kutoka mfumo wa karatasi kwenda wa kompyuta, jambo ambalo wao wanaenda kulifanya mwaka huo. Akamwambia majibu yake kuhusu usalama wa wafanyakazi yalipata alama za juu kuliko wote. Akamwambia swali la hesabu ya upotevu ndilo lililomshusha, na kwamba kozi fupi ingemtosha. Simu haikufika dakika saba. Mdogo wangu alilia, ndiyo, kisha akachukua kalamu akaandika yale matatu. Hadi leo akisikia mtu anatafuta kazi ya ghala humwambia aanze kuomba pale.

Sasa kwa wewe unayejiandaa kuketi mbele ya jopo. Wakifika pale pa "una swali lolote?", usiseme huna. Uliza: mnapima mambo gani hasa kwa nafasi hii? Zimebaki hatua ngapi, na nani anaamua? Mtatoa jibu tarehe gani, na nitajibiwa hata nikikosa? Yaulize kwa upole na uyaandike majibu mbele yao. Tarehe ikipita, subiri siku tatu za kazi, andika mara moja, ukinukuu tarehe waliyoitaja wao wenyewe. Kama uliomba kazi kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, una haki pia ya kuomba nakala ya taarifa zako, zikiwemo kumbukumbu za usaili wako, na kwa kawaida wanatakiwa kukujibu ndani ya mwezi mmoja. Kwingineko omba tu, kwa sentensi mbili: ni wapi nilifanya vizuri, na ni wapi aliyenizidi alinizidi.

Na wewe unayeketi upande wa pili, kabla hujatoa tangazo la nafasi inayofuata, mteue kwa jina mtu atakayewajibu waliokosa, na umpangie siku ya kufanya hivyo kwenye ratiba yake.